Giza la Kilwa Lina Wenyewe

Limezoeleka neno moja la dharau katika vyumba vya walimu na katika maofisi ya Serikali. Mtu akionekana ameshika riwaya ya mambo ya kale, yenye magofu, minyororo, mizimu na miti ya kunyongea watu, husemwa kwamba anapoteza wakati wake. Husemwa kwamba hadithi za namna hiyo ni za kutishia watoto, kwamba zinaeneza ushirikina, na kwamba zinalitia taifa aibu kwa kufukua mambo ambayo wazee waliona heri kuyafunika. Wasemao hayo si wajinga. Wengi wao wamesoma, na baadhi yao ndio wanaochagua vitabu vitakavyoingia katika maktaba za shule. Kwa sababu hiyo dharau yao haiwezi kupuuzwa kama porojo za barazani. Dharau hiyo inaamua vijana wasome nini na wasisome nini.

Hata hivyo riwaya hizo zinasomwa. Mwanafunzi yule yule anayesinzia katika kipindi cha historia hukesha na kitabu cha kiza, akakirudisha asubuhi macho yakiwa mekundu, na tayari kuna mwenzake anayekingojea. Mwalimu mwenye busara angejiuliza kitabu hicho kina nini ambacho kipindi chake hakina. Badala yake mara nyingi kitabu hunyang'anywa na kutiwa kabatini.

Anayetaka jibu na afike Kilwa Kivinje. Huko, katika mji ambao magofu ya nyumba zake za mawe yanaendelea kuliwa na mizizi ya miti, kuna mahali paitwapo Mwembe Kinyonga. Jina linajieleza. Ni hapo ambapo Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari, aliyejulikana zaidi kwa jina la Makunganya, mwezi Novemba 1895, baada ya kuwasumbua kwa muda mrefu katika nchi iliyo nyuma ya Kilwa. Kitabu cha shule, kinapomtaja, humweka katika orodha ya waliopinga kuingia kwa wakoloni, pamoja na Bushiri na Mkwawa, kisha huendelea na safari yake.

Orodha hiyo haina uongo, lakini haina mtu ndani yake. Haiulizi Makunganya alikuwa akiuza nini, akila na nani, akimwogopa nani. Kivinje ya wakati ule iliishi kwa misafara ya bara, na misafara hiyo ilileta pembe za ndovu, tena ilileta watu waliofungwa shingo kwa shingo kutoka pande za Ziwa Nyasa. Aliyempinga Mjerumani katika nchi hiyo alikuwa akitetea uhuru wake, na papo hapo akitetea riziki iliyojengwa juu ya shingo za wengine. Mambo hayo mawili yalikaa katika kifua kimoja bila kugombana. Orodha haiwezi kuyabeba pamoja. Riwaya inaweza, na ndiyo kazi yake.

Watu wa zama hizo wenyewe walikwisha kuliona jambo hilo. Habari za Makunganya zilitungiwa shairi la Kiswahili, nalo likakusanywa na Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa serikali ya Kijerumani, na kupigwa chapa Ujerumani. Utungo uliokabidhiwa kwa mtumishi wa mnyongaji haufai kusomwa kwa haraka. Kila sifa iliyomo inaweza kuwa hofu, na kila lawama inaweza kuwa kinga ya mtungaji na watoto wake. Msomaji anayejifunza kupima maneno hayo, akauliza ni nini kilichonyamaziwa na kwa nini, amekwisha kuingia katika giza lile linalodharauliwa, na amejifunza historia kuliko aliyekariri mwaka wa kunyongwa.

Kitabu cha historia huanzia mwisho. Mtoto anapofungua ukurasa wa Vita vya Maji Maji tayari anajua kwamba vilishindwa. Kazi yake ni kutaja sababu za kushindwa, nne au tano, apate alama zake. Lakini Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela, waliokwenda katika shamba la pamba la Nandete, katika vilima vya Umatumbi, mwishoni mwa Julai 1905, wakang'oa miche kuwa ishara ya vita, hawakujua mwisho. Walijua pamba ya kulazimishwa, kodi na kiboko. Walijua habari ya maji kutoka Ngarambe. Mengine yote yalikuwa giza. Mtu akiweza kusimama nao hapo, asijue kesho, ndipo atakapoelewa ujasiri wao ulikuwa wa kiasi gani. Akisimama juu ya kilima cha miaka mia moja na zaidi, mkononi ana orodha ya sababu, atawaona kama watu waliodanganywa na uganga, basi.

Hilo ndilo alilolifahamu Ebrahim Hussein, mwana wa pwani hiyo hiyo ya kusini, aliyezaliwa mwaka 1943, alipoitoa tamthilia yake ya *Kinjeketile* mwaka 1969. Kinjeketile Ngwale wa kweli alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita kuanza. Yule wa tamthilia anaishi zaidi ya hapo, kwa kuwa mwandishi alimhitaji aione kazi ya maneno yake. Hussein hakuficha kwamba mtu wake ameumbwa kwa fikra na hakunakiliwa kutoka majaladani. Akampa shaka. Mtu aliyetoka ndani ya maji akiwa na neno la kuunganisha makabila anakuja kugundua kwamba ndani ya neno hilo hilo mna ahadi ya kutawaliwa upya na bwana mwingine, na tayari watu wamekwisha kulishika, hawataki kusubiri. Katika miaka yote ambayo tamthilia hiyo imesomwa mashuleni, hakuna aliyethibitisha kwamba imewafanya vijana waamini maji ya uganga. Imewafanya wabishane juu ya uongozi, ukweli na uongo wa lazima, jambo ambalo orodha ya sababu tano haijapata kulifanya.

Basi hoja ya ushirikina haina miguu, na kwa hakika ilikwisha kujibiwa zamani. Mwaka 1960 Muhammed Said Abdulla alitoa *Mzimu wa Watu wa Kale*, riwaya yenye makaburi ya kale, hofu na mauaji, na katikati ya kiza chote hicho akamweka Bwana Msa, mtu wa kuvuta kiko na kufikiri. Mzimu haukumshinda Bwana Msa, wala Bwana Msa hakuwacheka wanaouogopa. Alitazama nani ananufaika na woga huo. Riwaya ya Kiswahili ya upelelezi imezaliwa makaburini, akili ikiwa macho. Wanaodai kwamba kiza na akili havikai nyumba moja hawajakisoma kitabu hicho, au walikisoma wakiwa wanatafuta makosa.

Hata madai kwamba hadithi za namna hii ni kasumba ya kigeni hayapatani na Kilwa yenyewe. Tarikh ya kale ya Kilwa, ambayo nakala yake ya Kiarabu ya mwaka 1877 imehifadhiwa London, inaanza kwa masimulizi ambayo mwandishi yeyote wa riwaya angeyaonea wivu. Mgeni wa Kishirazi anakinunua kisiwa kwa nguo za rangi za kutosha kukizunguka pande zote. Mwenyeji anapokea nguo, anavuka kwenda bara maji yakiwa yametoka, na moyoni amekusudia kurudi amuue mnunuzi na kukichukua tena kisiwa. Mgeni naye anakichimba kivuko wakati wa maji kupwa, bamvua linajaa, na kisiwa kinakatika na bara hata leo. Nguo, hila, maji ya usiku na mauaji yaliyokosa nafasi: huo ndio ukurasa wa kwanza wa mji uliokuja kujenga Husuni Kubwa na kupokea ugeni wa Ibn Battuta mwaka 1331. Wazee wa Kilwa walipotaka kueleza asili ya mamlaka yao hawakuandika taarifa ya kamati.

Lipo lakini shutuma moja lenye uzito, nalo ni lile la aibu. Watu husema: kwa nini kurudiarudia utumwa, usaliti na njaa, wakati nchi inahitaji kujengwa? Si bora vijana waambiwe habari za misikiti mikubwa, dhahabu ya Sofala, na utukufu wa Kilwa kabla ya Mreno kuuvamia mji mwaka 1505?

Jibu lake limo katika karatasi moja ya tarehe 14 Septemba 1776. Siku hiyo mfalme wa Kilwa alifanya mkataba na Mfaransa aitwaye Morice, wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka. Bei iliwekwa: piasta 20 kwa kila mtu, na juu yake piasta 2 za mfalme mwenyewe kwa kila kichwa. Watu hao walitakiwa kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Wafaransa, vile ambavyo leo huitwa Morisi na Réunion. Hakuna mzimu katika karatasi hiyo, wala popo, wala mlango unaolia usiku. Kuna hesabu. Na katika fasihi yote ya kutisha ni vigumu kupata kitu cha kutisha kuliko zile piasta mbili.

Sasa, afanyeje mwalimu na karatasi hiyo? Akiificha, ataachia nafasi mtu mwingine aje aitumie kwa faida yake. Na hilo si jambo la kukisia, limekwisha kutendeka. Mwaka 1934 ilichapwa London *Uhuru wa Watumwa*, hadithi ya James Mbotela, mzawa wa jamii ya watumwa waliokombolewa na kuwekwa Freretown, karibu na Mombasa. Mateso yaliyomo ni ya kweli na machozi yaliyomo ni ya kweli. Hakuna haki ya kumcheka mtu aliyeandika machungu ya wazee wake. Lakini mpango wa kitabu ni mpango wa mtawala: giza lote ni la Mwarabu na la Mwafrika, taa yote imeshikwa na Mwingereza. Visiwa vya miwa vya Wazungu havionekani. Havionekani pia vibonye vya piano vya Ulaya na Marekani, vilivyochongwa kwa pembe zilizobebwa na misafara ile ile. Kizazi kizima cha wasomaji wa Kiswahili kilijifunza habari ya utumwa kwa namna hiyo, kwa sababu wale ambao wangeweza kuieleza kwa namna nyingine walikuwa wameona aibu.

Kabla ya hapo mambo yalikuwa mabaya zaidi. Jina la Kilwa lilikwisha kuimbwa na Camões katika utenzi wake wa Kireno wa mwaka 1572, na kutajwa na Milton, Mwingereza, mwaka 1667, kama jina la mbali lenye harufu ya dhahabu. Mwaka 1885 akaja Rider Haggard na mashimo yake ya Mfalme Sulemani, hadithi ambayo wakoloni waliona inafaa kutafsiriwa kwa Kiswahili ili Mwafrika ajisome mwenyewe akiwa ni pango, mifupa na mchawi mzee Gagool. Kiza cha aina hiyo ni pazia la jukwaani. Kimewekwa nyuma ya Mzungu ili Mzungu aonekane vizuri. Mwafrika anayekataa riwaya zote za kiza kwa sababu ya Haggard ana haki ya kuchukia, ila amekosea mahali pa kupigia. Haggard alikopa giza la watu wengine, akalitumia, na wenye giza lao hawajaenda kulidai.

Jambo hilo ndilo linalouma hasa. Riwaya inayojulikana zaidi duniani kuhusu kiza cha Kilwa imeandikwa kwa Kiingereza na mtu anayeishi Toronto. Nayo ni *The Magic of Saida* ya M.G. Vassanji, iliyotoka mwaka 2012. Daktari Kamal Punja, mtoto wa mama Mswahili na baba Mhindi, anarudi kutoka Canada kumtafuta Saida, msichana aliyemwacha Kilwa utotoni, na kila anapouliza habari za msichana anaangukia habari za vita vya Wajerumani, za mshairi mzee, za usaliti usiozungumzwa, na za uganga ambao msomi huyo hawezi kuukubali wala kuukimbia. Vassanji alikulia Dar es Salaam, na anayajua anayoyasema. Halaumiwi hata kidogo. Alifanya kazi iliyokuwa mbele ya kila mtu. Vivyo hivyo Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar: riwaya yake ya mwaka 1994 juu ya mtoto aliyewekwa rehani kwa mfanyabiashara wa misafara ilingoja hadi mwaka 2022 ndipo ikapata kusomwa kwa Kiswahili, kwa jina la *Peponi*, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Miaka 28! Tena baada ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021 kuwaamsha watu usingizini. Ukweli ni kwamba mtoto wa pwani alihitaji ruhusa ya Stockholm ili asome habari za babu zake kwa lugha ya mama yake.

Haina maana kwamba waandishi wa Kiswahili wamelala. M.M. Mulokozi aliwapa vijana vita vya Wahehe na Wajerumani katika *Ngome ya Mianzi* na hadithi zilizoifuata. Bernard Mapalala alimwandika Mirambo katika *Kwaheri Iselamagazi* mwaka 1992. Kazi hizo ni za kuheshimiwa. Lakini Iringa na Unyamwezi si Kivinje, na pwani ya Lindi ina mambo yake ambayo bado hayajapata kalamu.

Chukua Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi mikubwa ya kale katika kilima hicho, bara ya Lindi. Ilikuwa nchi ambayo vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha kuipitia, na baada ya vita ikapitiwa na njaa. Njaa hiyo haikuletwa na ukame peke yake. Majeshi ya Wajerumani yalichoma vijiji na maghala, yakaharibu mazao mashambani, kwa kuwa makamanda waliona kwamba tumbo tupu litawatiisha watu haraka kuliko risasi. Wakoloni wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Katika nchi hiyo iliyopungukiwa na watu, mamia ya wanaume waliajiriwa kuchimba mifupa, kuifunga kwa uangalifu mkubwa, na kuibeba vichwani na mabegani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, zaidi ya tani 200 kwa jumla. Msimamizi wao mashuhuri, Boheti bin Amrani, alikuwa na jicho la kutambua mfupa ambalo maprofesa walilitegemea. Mmoja wa mijusi hao amesimamishwa Berlin tangu mwaka 1937, na watu hulipa kiingilio kumtazama.

Kila mfupa wa mjusi ulipewa namba. Mifupa ya wafu wa njaa ilibaki porini bila namba. Wapagazi waliijua tofauti hiyo, kwa maana waliipita njiani wakiwa wamejitwika ile yenye namba. Mwandishi wa riwaya ya kiza angetaka nini zaidi? Hahitaji kubuni jini hata mmoja. Na mtumishi wa Serikali anayesema kwamba hadithi kama hiyo itawavunja moyo vijana na aeleze ni moyo gani anaoulinda, ambao utavunjika kwa kujua kwamba babu yake alibeba mzigo.

Au chukua Mahiwa, upande huo huo wa Lindi, ambako kwa siku nne za Oktoba 1917 Waafrika kutoka Nijeria na Afrika Mashariki waliuana vichakani kwa ajili ya ugomvi wa wafalme wawili wa Ulaya waliokuwa ndugu wa damu. Maofisa wa pande zote mbili wameandika kumbukumbu zao. Wabeba mizigo hawakuandika.

Ni kweli pia kwamba kuna riwaya mbovu za aina hii, na hazifai kutetewa. Kuna mwandishi anayedhani kwamba kuandika neno "giza" mara kumi katika ukurasa mmoja ni kutia giza. Mtumwa wake anazungumza kama mhutubiaji wa mwaka 1970, jahazi lake linakwenda Unguja kinyume cha upepo bila msomaji kuambiwa kwa nini, na Mwarabu wake hana jina, hana deni wala mama, ana ndevu tu na mjeledi. Kazi hizo zinaharibu jina la nyingine. Kiza cha kweli hutokana na kujua sana. Mtu anayeandika Kivinje ya mwaka 1860 lazima ajue kusi inaanza lini na kaskazi inakata lini, misafara inafika pwani mwezi gani, mtama uliuzwaje, nani alimkopesha nani kabla msafara haujaondoka, na Mhindi wa forodha aliandika nini daftarini. Akijua hayo, msomaji ataogopa bila kuambiwa aogope. Asipojua, atamwaga ukungu ukurasani kuficha umaskini wa utafiti wake.

Kwa hiyo kosa kubwa halimo kwa waandishi pekee. Mali ghafi ipo, nayo imekaa mikononi mwa wale wale wanaodharau. Mafaili ya serikali ya Kijerumani yamo katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, mengi yakiwa kwa mwandiko wa kale ambao Watanzania wachache mno wamefundishwa kuusoma. Mwaka 1968 wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini, Umatumbi ikiwamo, wakaandika maneno ya wazee waliokiona kiboko cha pamba kwa macho yao. Wazee hao wamekwisha kufa wote. Sauti zao zimebaki katika karatasi, na karatasi hizo zimewafaa zaidi watafiti wa vyuo vya ng'ambo kuliko mwalimu wa Kipatimu au Njinjo, ambaye anafundisha miongoni mwa wajukuu wa wasemaji.

Tangu mwaka 2024 shule za sekondari zimekuwa na somo la Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili. Ni hatua iliyopiganiwa kwa miaka mingi na inastahili kuungwa mkono na kila mwalimu. Lakini ndani ya jina hilo kuna mtego. Maneno hayo mawili yakiwekwa pamoja na mtu mvivu, maadili yataifagia historia: Makunganya atasafishwa, mfalme wa mwaka 1776 atafutwa, askari weusi waliochoma maghala ya Wamatumbi watageuzwa kuwa Wajerumani. Maadili gani yatafundishwa kwa hadithi ambayo hakuna aliyejaribiwa ndani yake? Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba radhi kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Anayeombwa radhi hana budi kujua anaombwa radhi kwa lipi, na kwa undani kuliko mwombaji.

Mwalimu wa somo hilo huko Kilwa au Lindi ana uhuru ambao mwenzake wa mahali pengine hana. Anaweza kuwapeleka wanafunzi wake Mwembe Kinyonga kwa miguu. Anaweza kuwapa siku hiyo hiyo mambo mawili, ukurasa wa kitabu cha kiada na sura moja ya hadithi, akawataka waseme kipi kimewaacha na maswali mengi zaidi. Anaweza kuwatuma kwa bibi zao wakaulize jina la mti, la kisima, la njia ambayo watu hawapiti magharibi, na wakirudi na hadithi ya mzimu asiwakatize. Awaulize ni nani aliyefia hapo na mwaka gani. Afisa utamaduni wa wilaya anaweza kuyakusanya yale yatakayoandikwa. Nchi sasa ina Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2023, na riwaya imo. Haielekei kwamba waamuzi wake wataikataa Kilwa ikiletwa mbele yao imeandikwa vizuri.

Wala mwandishi atakayeijaribu kazi hiyo hatakuwa wa kwanza. Vita vya Maji Maji vilikuwa bado vinanuka moshi wakati Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alipovitungia utenzi, kwa Kiswahili, akiwa raia wa mji uliokuwa chini ya mabwana wale wale walioshinda. Utenzi huo ulipigwa chapa Berlin mwaka 1933, na ukapigwa tena Kampala mwaka 1957. Ni katika maktaba ya shule gani ya Lindi, Kivinje au Kilwa Masoko ambamo mwalimu anaweza kuuomba leo, akapewa?